Uso wa Land Rover Kuukuu: Vipande Vipi Hukubaliana

Wakulima wengi wa skimu bado wanazo Land Rover za zamani, zile zenye bodi ya alumini na springi za majani. Asubuhi hubeba maziwa hadi kituo cha kupozea, mchana hubeba mbolea, na wakati wa mavuno hubeba viazi na kabichi hata soko la Wakulima, Nairobi. Injini ikichoka hufunguliwa, springi ikivunjika huongezwa jani, na safari huendelea. Lakini siku ng'ombe anapokatiza barabara wakati wa magharibi, au gari linapoteleza matopeni na kuugonga mti, kinachoharibika kwanza ni uso wake. Uso ukivunjika taa hazipo, rejeta huvuja, na gari lote hulala bandani ingawa injini ni nzima.

Hapo ndipo huja swali ambalo limeletwa ofisini kwetu mara nyingi: "Gari langu ni la mwaka 1966. Je, naweza kulivika uso wa gari la mwaka 1975?" Mimi ni karani, kazi yangu ni barua na madaftari, wala si makanika. Lakini nimeshuka Eastlands mara kadhaa pamoja na wenye magari, nikauliza, nikapima kwa futi kamba, nikaandika. Jibu ni kwamba yawezekana, tena mara nyingi bila kukata wala kuchomelea. Ila kuna sharti moja ambalo wengi hawalijui mpaka wamekwisha kulipa, na sharti hilo ndilo sababu ya makala haya.

Kwanza tuelewane ni nini tunachokiita uso. Ukisimama mbele ya Land Rover utaona madigadi mbili, moja kila upande. Katikati yake iko fremu ya chuma ambayo imeshika rejeta, na mbele ya rejeta kuna wavu. Juu yake ni boneti, na chini ni bampa. Nyuma ya hayo yote umo ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Madigadi hufungwa kwa bolti kwenye ukuta huo upande wa nyuma, na kwenye fremu ya rejeta upande wa mbele. Boneti nayo huning'inia kwenye bawaba juu ya ukuta, na kitasa chake hufungia kwenye fremu ya rejeta. Yaani uso wote wa Land Rover umefungwa kwa bolti na nati kama kitanda cha Bomba. Mtu mwenye spana na mafuta ya kulainisha kutu aweza kuuvua wote kwa siku moja. Magari mengi ya siku hizi hayako hivyo, na ndiyo maana Land Rover imeishi miaka mingi.

Sasa tutazame miaka. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948, nasi huiita Series I. Mwaka 1958 ilifuata Series II, mwaka 1961 Series IIA, na mwaka 1971 Series III, ambayo iliendelea hadi mwaka 1985. Miaka ya 1970 Land Rover zilianza kuunganishwa hapa hapa nchini, katika kiwanda cha Leyland cha Thika, kwa hiyo zile za Series III zilikuwa nyingi kuliko nyingine.

Series I tuiweke kando. Ubavu wake ni bapa, na uso wake haulingani na zile zilizofuata. Mwenye Series I na atafute ya Series I. Lakini kuanzia Series II ya 1958 hadi mwisho wa Series III, ubavu una bega la mviringo lile lile, nazo madigadi hufungwa kwenye ukuta kwa namna ile ile. Tena haidhuru kama gari lako ni fupi, lile la inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, au refu, lile la inchi 109. Urefu umeongezwa nyuma. Mbele ni sawa.

Kama ni hivyo, taabu iko wapi? Taabu iko kwenye taa.

Katika Series II zote, na Series IIA za mwanzo, taa kubwa mbili hazikukaa kwenye madigadi. Zilikaa katikati, ndani ya fremu ya rejeta, zimekaribiana kama macho ya bundi. Wavu wake ulikuwa wa waya za chuma, ule ambao watu husema umewahi kuchomea nyama safarini, nami sikatai. Madigadi za magari hayo zina matundu madogo tu mbele, ya taa ndogo na ya taa za ishara. Kisha sheria za nchi kadhaa zikataka taa kubwa ziwe pembeni, ili anayekuja mbele aone upana wa gari. Basi karibu mwaka 1968 na 1969, Series IIA ilipokuwa bado inaundwa, kiwanda kilizihamisha taa kubwa kutoka katikati kwenda kwenye madigadi. Madigadi zikapewa tundu kubwa la taa ya inchi 7, na fremu ya rejeta ikabadilishwa kwa kuwa haikuwa na taa tena. Wavu wa wengi ukawa wa chuma wenye umbo la msalaba. Series III ilipokuja mwaka 1971 taa zilibaki pale pale kwenye madigadi, na wavu ukawa wa plastiki.

Kwa hiyo usihesabu Series II, IIA na III ukadhani nyuso ni tatu. Nyuso ni mbili tu: uso wa taa za katikati, na uso wa taa za pembeni. Kila uso una madigadi zake, fremu yake ya rejeta, wavu wake, na waya zake. Ukichukua jamii nzima ya uso mmoja, itakaa kwenye gari la jamii nyingine. Ukichanganya kipande cha huku na kipande cha huko, utaona mambo.

Nitakueleza yaliyompata mkulima mmoja wa skimu yetu. Gari lake ni Series IIA yenye taa za katikati. Alimgonga ndama wa jirani usiku, madigadi ya kushoto ikapasuka na ile ya kulia ikajikunja. Fremu ya rejeta ilipinda kidogo tu. Akashuka Nairobi peke yake, akaingia kibanda kimoja huko Eastlands ambacho sitakitaja, akawaambia, "Nataka madigadi mbili za Land Rover." Wakampa madigadi mbili safi, hazina tobo wala kutu, kwa bei ya haki. Alizifunga juu ya matatu akarudi nazo nyumbani na furaha. Fundi wa kijijini alipozifunga zikakaa vizuri kwenye bolti zote. Lakini zilikuwa za taa za pembeni. Basi gari likawa na taa mbili katikati, na matundu mawili matupu pembeni, kila moja lapitisha kichwa cha mtoto. Kila tone la matope kutoka kwenye gurudumu lilirukia ndani ya injini na kupita tunduni. Akaziba matundu kwa mabati. Mabati yakatikisika, ribiti zikang'oka. Safari ya pili akaenda kutafuta taa za kujaza matundu, na safari ya tatu akatafuta fremu ya rejeta isiyo na taa, maana sasa ameamua kuukamilisha uso mpya. Fremu ilikuwapo mwanzoni, katika kibanda kile kile, imetoka kwenye gari lile lile la madigadi. Alipoirudia imeuzwa.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu hutoa lita 60 za maziwa kwa siku, na kwa kuwa hana gari humpa mchuuzi anayepita, ambaye hupunguza shilingi 10 kwa kila lita. Hiyo ni shilingi 600 kwa siku. Gari likilala siku 9 kwa sababu ya safari zisizo na mpango, ni shilingi 5,400 zimekwenda, kabla hujahesabu nauli yenyewe wala chakula cha Nairobi. Na ikiwa ni wakati wa viazi, hesabu hiyo ni ndogo sana.

Mtu wa pili alifanya kinyume, na yeye alikuwa hatarini zaidi. Gari lake ni Series III, taa ziko kwenye madigadi. Alinunua madigadi kuukuu za Series II kwa kuwa zilikuwa rahisi. Hazina tundu la taa kubwa. Fremu yake ya rejeta nayo haina mahali pa taa. Gari likabaki bila taa kubwa kabisa, na fundi akazifunga taa mbili juu ya bampa kwa vipande vya chuma. Juu ya bampa hutikisika, huchafuka matope, na hupigwa na kila kichaka. Aliteremka nalo mlima wa Flyover kwenda Limuru alfajiri katika ukungu. Alifika, lakini aliponihadithia mikono yake ilikuwa bado haijatulia.

Basi kabla hujaondoka nyumbani, fanya haya. Simama mbele ya gari lako utazame taa kubwa zimekaa wapi. Usitegemee logibuku. Mwaka ulioandikwa humo haukuambii uso wake ni wa lini. Nyingi za Land Rover hizi zilianza maisha katika idara za serikali au mashamba makubwa, zikauzwa kwa mnada, zikagongwa na kutengenezwa mara tatu nne kabla ya kukufikia. Nimeona Series IIA ya 1963 yenye uso wa 1974, na mwenyewe hakujua kwamba si uso wake wa kuzaliwa. Tazama chuma, usitazame karatasi. Kisha piga picha kwa simu: mbele, kila ubavu, na ndani baada ya kufungua boneti, ili zionekane bolti za madigadi kwenye ukuta na kwenye fremu. Mwuzaji akiona picha hawezi kukudanganya, wala yeye mwenyewe hakosei.

Tazama pia haya machache. Madigadi ya Series III mara nyingine ina tundu la hewa ubavuni, la kupeleka hewa kwenye hita. Gari lako kama halina hita hiyo, tundu litazibwa, si neno. Ukiona Land Rover ndefu ya injini ya V8, iliyoanza mwaka 1979, usinunue uso wake hata ukipewa kwa bei ya bure. Wavu wake umesogezwa mbele ukalingana na madigadi, na boneti yake ni ndefu zaidi. Vivyo hivyo na zile za springi za mviringo zilizoanza mwaka 1983, ambazo baadaye ziliitwa Defender. Na kama gari lako ni la dizeli au la silinda sita, ipime rejeta yako kwenye fremu unayotaka kununua kabla hujatoa pesa.

Sasa tushuke Nairobi. Mtu anayetoka Kinangop au Ol Kalou huingia kwa Waiyaki Way, na vipuri vya kwanza atakavyovikuta ni vya Kirinyaga Road, kando ya mto Nairobi, ambayo wazee wangali huiita Grogan. Huko kuna kila kitu, lakini bei huanzia juu, na mgeni hujulikana kwa viatu vyake. Mbele yake ni Kamukunji na Gikomba, ambako mafundi wa jua kali hugonga mabati kuwa masanduku, majiko na mikokoteni. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na tangu hapo jina la jua kali likapata heshima. Ukiendelea unafika Shauri Moyo, halafu Jogoo Road, ambayo zamani iliitwa Doonholm Road, na mitaa yake ya Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Jericho mpaka Buruburu. Kwenye Outer Ring Road ndipo ilipo Kariobangi Light Industries, na kwa kazi ya bodi mimi napapenda hapo kuliko pengine. Kuna nafasi ya kulisimamisha gari, kuna wachomeleaji, wapaka rangi na mafundi wa umeme karibu karibu, na unaweza kuona kazi ikifanywa mbele ya macho yako.

Ikiwezekana peleka gari lenyewe, hata kwa kuvutwa. Kama haiwezekani, nunua uso mzima kutoka gari moja: madigadi mbili, fremu, wavu, taa na vikombe vyake, na kipande cha waya kadiri kinavyopatikana. Mwuzaji atataka kuuza kipande kimoja kimoja, maana kwa njia hiyo hupata zaidi. Mwambie unataka jamii nzima au hutaki. Bei ya jamii nzima huonekana kubwa siku ya kwanza, lakini huilipi mara mbili.

Chukua sumaku ndogo mfukoni. Madigadi na boneti za kiwandani ni za alumini, na sumaku haishiki alumini. Ikishika, ujue hiyo imegongwa na fundi kwa bati la chuma. Si mbaya ikiwa imegongwa vizuri, ila ni nzito na itaota kutu, kwa hiyo bei yake isiwe ya alumini. Lakini fremu ya rejeta ni ya chuma tangu kiwandani. Hiyo yageuze chini juu utazame ukingo wa chini, pale maji na matope hukaa. Bonyeza kwa bisibisi. Ikizama, iache hapo hapo. Kwenye alumini sumaku haiwezi kukuonyesha palipojazwa lipu ya bodi. Hapo gonga kwa kidole usikie. Penye alumini tupu hulia, penye lipu hunyamaza.

Ikiwa madigadi yako imejikunja tu na haijapasuka, usikimbilie kununua. Alumini hunyooka. Lakini ikigongwa ikiwa baridi hukakamaa na kupasuka, na mafundi wengi waliozoea bati la chuma hawalijui jambo hili. Fundi ajuaye hupaka sabuni ya kipande juu ya alumini, kisha hupitisha moto wa gesi taratibu mpaka sabuni igeuke rangi kuwa nyeusi. Hapo huondoa moto. Alumini ikipoa imelainika, naye huigonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Akizidisha moto, alumini itayeyuka ghafula bila kuwa nyekundu kwanza kama chuma. Muulize fundi wako juu ya sabuni. Akikutazama kama mtu mwenye wazimu, tafuta mwingine. Ufa nao hauchomelewi kwa umeme wa kawaida wa vyuma. Unatakiwa mtambo wa gesi ya argoni, au la, kiraka cha alumini na ribiti.

Kazi ya kufunga ina utaratibu wake. Ondoa waya za betri kwanza. Mwaga maji ya rejeta, kwa kuwa fremu ikitoka rejeta hutoka nayo. Fungua madigadi, kisha fremu, ambayo imesimama juu ya chasi kwa bolti mbili zenye mipira. Mipira hiyo ikiwa imekufa weka mipya, maana ndiyo izuiayo rejeta isipasuke kwa mtikisiko. Wakati wa kurudisha, tia bolti zote lakini usikaze hata moja. Shusha boneti uitazame. Nafasi kati ya boneti na madigadi iwe sawa pande zote mbili, na kitasa kiingie bila kupigwa ngumi. Sukuma fremu huku na huku mpaka ikubali, ndipo ukaze. Fundi akikaza madigadi moja kwanza, nyingine haitaingia, naye atatoboa matundu mapya, na tangu siku hiyo uso wako hautakubaliana tena na uso wa mtu yeyote. Bolti zenyewe ni za inchi. Usimruhusu akulazimishie bolti ya milimita kwenye nati ya inchi.

Tena alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kuwa unga mweupe. Kwa hiyo paka rangi au grisi kila mahali ambapo chuma kitagusa alumini, na weka washa chini ya kila kichwa cha bolti. Kazi hiyo ni ya saa moja. Kuiacha ndiyo huleta yale matundu ya mviringo unayoyaona kwenye madigadi nyingi za Gikomba.

Waya ndizo huwatisha wengi, lakini rangi zake husema. Katika magari haya waya ya bluu yenye mstari mweupe ni ya taa kali, bluu yenye mstari mwekundu ni ya taa za kuinamisha, nyekundu ni ya taa ndogo, kijani yenye mstari mweupe ni ishara ya kulia, kijani yenye mstari mwekundu ni ishara ya kushoto, na nyeusi ni ya kurudisha umeme kwenye bodi. Taa zikihama kutoka katikati kwenda pembeni waya za zamani hazifiki, hivyo ongeza waya ya unene ule ule, uipitishe ndani ya mpira mahali inapopenya kwenye madigadi. Ile nyeusi usiisahau. Taa nyingi za Land Rover zinazowaka kama mshumaa hazina ubaya wowote ila ule mweusi umefungwa juu ya rangi au juu ya alumini iliyoliwa. Kwangua mpaka pang'ae.

Neno jingine juu ya betri. Magari ya zamani, hata karibu mwaka 1967, yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi. Yaliyofuata yalifungwa upande wa hasi. Taa haijali upande gani, lakini alteneta hujali sana. Ikiwa pamoja na uso mpya unatiwa alteneta mahali pa dainamo ya zamani, fundi wa umeme aulizwe jambo hili kabla betri haijarudishwa, kwani alteneta huungua mara moja.

Taa zikiwaka, zipime. Simamisha gari mahali tambarare, futi 25 kutoka ukutani, upige chaki ukutani kwa urefu ule ule wa katikati ya taa. Taa za kuinamisha zianguke chini ya chaki. Tazama pia zinaelekea wapi. Sisi huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mwanga wa kuinamisha hulala kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Taa zilizotoka katika nchi za kuendesha upande wa kulia, na za namna hiyo zimo sokoni, hulalia kulia, machoni pa mwenzako anayepanda mlima na lori la mizigo.

Kuna nambari moja ambayo haitakiwi kuguswa. Nambari ya chasi ya Land Rover zetu imepigwa kwenye chuma cha chasi upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa, nayo hurudiwa kwenye kibati ndani ya gari. Uso ukigongwa sana, mahali hapo napo hujikunja, na mchomeleaji hupenda kupasafisha kwa jiwe la umeme. Akiifuta nambari, gari lako halina ushahidi kwamba ni lako. Piga picha ya nambari kabla kazi haijaanza, na umwonyeshe fundi kwa kidole.

Juu ya sheria nyingine ni maneno machache. Kubadili madigadi na wavu hakubadili gari, lakini ukibadili rangi, nenda ukaandikishe rangi mpya NTSA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Pia chukua risiti yenye jina la mwuzaji, nambari yake ya kitambulisho na maelezo ya vipande ulivyonunua. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kujua, na kifungo chaweza kufika miaka 14. Uso unaouzwa saa moja ya usiku kwa nusu ya bei ni sababu ya kutosha ya kujua.

Wenye pikapu za Kijapani wameniuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu. Hilux ya Vigo, kwa mfano, ilibadilishwa uso mwaka 2011: boneti, madigadi, taa, wavu na bampa, vyote pamoja. Uso huo hukaa kwenye Vigo ya 2005, na vijana wa Eastlands huufunga kila siku ili gari lionekane jipya. Lakini hata hapo boneti mpya haikai na madigadi za zamani, na taa mpya haiingii penye bampa ya zamani. Ni jamii nzima au hakuna.

Ukishamaliza, rudi nyumbani mchana. Baada ya maili mia moja hivi za barabara ya mawe kaza tena bolti zote za uso, kwa kuwa zitakuwa zimelegea, kisha zitazame tena baada ya mwezi. Na vile vipande vya zamani usiviache kwa fundi. Atakuambia ni takataka, kisha atavipima kwa kilo jioni hiyo hiyo, kwa kuwa alumini iliyopasuka ina wanunuzi kote Gikomba. Lakini mimi nisingeviuza. Madigadi moja iliyokufa hutoa viraka vya kutosha gari miaka mitano.